Je, Mitterrand asifiwe kwa kufuta adhabu ya kifo?

Mleta mada

Tarehe 9 Oktoba 2025 Ufaransa ilimwingiza Robert Badinter katika Panthéon, jengo la Paris ambamo taifa hilo huwaenzi watu wake wakuu, ikiwa imetimia miaka 44 tangu sheria ya kufuta adhabu ya kifo itiwe saini. Anayemsifu Badinter hulazimika kumtaja pia rais aliyemteua kuwa Waziri wa Sheria, François Mitterrand, na hapo ndipo ninapotaka tujadiliane. Mitterrand ana nafasi yake katika historia ya sheria hiyo, lakini sioni kwa nini aheshimiwe kama mtu ambaye dhamiri yake ilikataa gilotini, kwa kuwa alipoweza kuipinga, nayo ikikata vichwa, hakuipinga.

Kuanzia Februari 1956 hadi Juni 1957 yeye mwenyewe alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Guy Mollet, vita vya Algeria vikiwa vimepamba moto. Maombi ya msamaha ya waliohukumiwa kifo yalipitia Baraza Kuu la Mahakimu, ambalo alikuwa makamu mwenyekiti wake, kabla Rais René Coty hajatoa uamuzi, na kumbukumbu zilizochunguzwa na wanahistoria zinaonyesha kwamba mara nyingi alishauri maombi hayo yakataliwe. Wafungwa wapatao 45 walikatwa vichwa katika kipindi hicho. Mmoja wao, Fernand Iveton, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha gesi mjini Algiers, mkomunisti wa asili ya Kizungu, aliyetega bomu ambalo liligunduliwa kabla halijalipuka. Hakuua mtu, na bado alipelekwa kwenye gilotini tarehe 11 Februari 1957 katika gereza la Barberousse. (Wasomaji wa Kenya watalitambua juma hilo: siku saba baadaye Waingereza walimnyonga Dedan Kimathi.)

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ya mwaka 1957 umeyaeleza vyema, ila umeruka miaka 24 kana kwamba hakikutokea kitu. Msamaha ulikuwa mamlaka ya Rais, si ya waziri. Lakini lililo zito zaidi ni hili: tarehe 16 Machi 1981, zikiwa zimebaki wiki sita hivi kabla ya duru ya kwanza ya uchaguzi, Mitterrand alitamka kwenye televisheni kwamba dhamiri yake inaipinga adhabu ya kifo, huku akijua kwamba kura za maoni zilionyesha Wafaransa wengi wanaitaka iendelee. Alikuwa ameshashindwa na de Gaulle mwaka 1965, na mwaka 1974 Giscard d'Estaing alimpita kwa chini ya asilimia 2 ya kura. Mtu anayetafuta madaraka tu angelikwepa swali lile.

Alishinda, na mwezi huohuo wa Mei akamsamehe Philippe Maurice, kijana aliyekuwa akingoja gilotini, ambaye baadaye alisoma gerezani hadi akapata shahada ya uzamivu katika historia. Sasa tumpime mtu kwa alivyotenda alipokuwa chini ya wengine, au kwa alivyotenda neno la mwisho lilipokuwa lake?

Mleta mada

Ujasiri wa Machi 1981 naukubali bila kinyongo. La Coty nalikubali nusu tu: Mitterrand hakuwa na neno la mwisho, lakini mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Pierre Mendès France alijiuzulu Mei 1956 kwa kutoafikiana na sera ya Algeria, na Alain Savary akamfuata Oktoba. Mitterrand alibaki, naye wakati huo alikuwa akiutamani uwaziri mkuu.

Mchangiaji wa pili

Nina swali kwa mleta mada: ulitaka afanye nini mwaka 1981? Bunge lilipitisha muswada kwa kura 363 dhidi ya 117, lakini katika Seneti upande wa kulia ndio uliokuwa na wingi, na kura zikawa 160 kwa 126. Kama rais angelisimama wiki ile akaanza kuungama habari za Barberousse, wapinzani wa muswada wangelipata silaha bure, na pengine gilotini ingelibaki.

Mleta mada

Hoja hiyo ina uzito hadi tarehe 30 Septemba 1981, siku Seneti ilipopiga kura. Baada ya hapo Mitterrand alikaa Ikulu zaidi ya miaka 13, na wala haikuwa kwamba Algeria ilimtoka akilini. Novemba 1982 alitaka majenerali walioasi mjini Algiers mwaka 1961 warudishiwe haki zao za kijeshi, na wabunge wa chama chake mwenyewe walipogoma, serikali ilitumia kifungu cha 49 cha Katiba, kinachoruhusu muswada upite bila kupigiwa kura. Kwa majenerali hao alikuwa tayari kugombana hata na Wasoshalisti wenzake. Kwa Iveton na wenzake hakuwahi kupeleka bungeni hata mstari mmoja.