Nataka kupeleka watoto Saanane, simba bado yupo?

Mama Doto:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nipo Geita, shule zinafungwa na nina watoto watatu, wa miaka 4, 7 na 11, nimeshawaahidi nawapeleka Mwanza kuona wanyama. Mimi mwenyewe nilipelekwa Saanane, kile kisiwa cha Ziwa Victoria hapo Mwanza, na marehemu baba nikiwa darasa la pili, enzi hizo tunapaita zuu tu, simba alinguruma nikang'ang'ania suruali ya baba mpaka tunarudi kwenye boti sijaiachia. Sasa nasikia siku hizi ni hifadhi ya taifa, je simba bado wapo? Maana huyu wa mwisho kila siku wimbo ni simba. Naomba aliyeenda karibuni anijuze na utaratibu ukoje.

Ng'wana Igoma:
Mama Doto karibu sana Mwanza. Nilienda mwaka jana na familia, simba tulimkuta, ila yupo ndani ya uzio, hawa wengine pundamilia na swala pala wanatembea wenyewe kisiwani. Utaratibu ni rahisi, unaenda Capri Point ofisi za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), si mbali na katikati ya mji hata boda inakufikisha fasta, unalipia pale pale, unavalishwa jaketi okozi unavuka, haizidi dakika kumi mmeshafika. Nenda asubuhi dada yangu, mchana jua likishapiga yale mawe hata wanyama wenyewe wanajificha, na ziwa jioni huwa linachafuka kwa upepo, watoto wanaogopa.

Kitu kingine, tumbili. Binti yangu alikuwa kashika karanga kwenye mfuko wa nailoni, tumbili katoka mtini kaufuata mfuko moja kwa moja, hakumgusa mtoto lakini mfuko ulichukuliwa, tukamwona juu kule anamenya moja moja anatuangalia. Wamezoeshwa na watu wanaowarushia biskuti. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu na msiwape chochote hata wakiomba vipi, tumbili akishazoea chakula cha binadamu anakuwa mkorofi na mwisho wa siku anayeumia ni yeye.

Mwamba wa Ziwa:
Naongezea hapo kwa Ng'wana Igoma. Hukukosea kupaita zuu, Saanane ilianzishwa 1964 kama bustani ya wanyama ya serikali, ya kwanza nchini, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi kisiwani humo, mkulima na mvuvi. 1991 ikawa pori la akiba, halafu 2013 ndo ikapandishwa hifadhi ya taifa. Ni ndogo kuliko hifadhi zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 tu na sehemu kubwa ya hizo ni maji.

Ila mama nikuombe kitu kimoja, usiwapeleke watoto wakakimbilia kwa simba halafu mkarudi. Simba wa uziani analala, mtamwangalia dakika tano basi. Utamu wa Saanane uko kwenye mawe. Kaa kimya kwenye jiwe moja robo saa, utaona pimbi wanatoka mmoja mmoja kuota jua, na ukiona jiwe lina michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika, ujue hapo ndo choo chao cha miaka na miaka, ule ni mkojo umekauka. Huyo wa miaka 11 mwambie pimbi na ukubwa ule wa sungura ni ndugu wa karibu wa tembo, akamwangalie meno ya mbele yale mawili yaliyochongoka. Halafu kuna mijusi, dume kichwa na mabega mekundu yanaelekea pinki, chini huko bluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kulinda eneo lake. Wataalamu wamempa hadi jina la Mwanza. Sisi tumezaliwa nao tunawarushia mawe, inaniuma sana nikikumbuka.

Jakisumu:
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku Kisumu, Kenya, tuna hifadhi ya Impala Sanctuary ufuoni, nayo ni ndogo, swala wanakula nyasi na chui wako kwenye vizimba. Mimi wanangu walikumbuka nzohe kuliko chui, yule swala wa kwenye matete anayeogelea. Kwa hiyo naungana na Mwamba.

Mama Doto:
Asanteni mno, Mwamba umenifungua macho maana pimbi nawajua tangu utoto ila habari ya tembo sikuwahi kuisikia. Swali la mwisho, mdogo wa miaka 4 ataweza hayo mawe au nimbebe?

Ng'wana Igoma:
Njia za chini anatembea vizuri tu. Kule juu kabisa mbebe mgongoni na kanga, na wote wavae raba, ndala zinateleza. Maji beba ya kutosha.

Mama Doto:
Sawa, kanga ninazo. Tunavuka Jumamosi asubuhi, nikirudi naweka picha za pimbi hapa hapa.