Mrejesho: matufaha ya zamani nimeyapata

Wakuu, Septemba niliuliza hapa Uingereza nitapata wapi matufaha ya zamani, maana ya supamaketi yamenichosha: macho yanayapenda, mdomoni ni maji ya sukari tu. Ahsanteni sana mlionielekeza Brogdale, kule Faversham, Kent. Nilikwenda Oktoba.

Ndugu zangu! Pale imetunzwa hazina ya taifa ya miti ya matunda, na aina za matufaha peke yake zinazidi 2,000. Nilionja hadi meno yakafa ganzi. Lililoniteka ni Ashmead's Kernel, la Gloucester, lina miaka 300 hivi. Kwa sura hulichukui: dogo, ganda la kahawia linalokwaruza kama kiazi. Ling'ate sasa. Kwanza ukali, karibu na wa ndimu, halafu utamu unakuja taratibu, na harufu ya peasi inabaki puani.

Tena mbegu yake haizai tunda lilelile. Lazima kubebesha kikonyo, yaani kuunga kitawi chake kwenye mche mwingine, kama tunavyobebesha miembe. Yaani kila mti wa Ashmead's Kernel ni kipande cha mti ule wa kwanza, mkono kwa mkono karne tatu. Hilo limenigusa kweli.

Aliyeuliza kuhusu kuyahifadhi: yangu nimeyafunga moja moja kwa gazeti, yako bandani kwenye baridi. Yakikaa hadi Krismasi yananoga zaidi. Tufaha la Egremont Russet nalo tamu, ila liliwe mapema.

Mche nimeshaagiza. Naupanda Januari.