Mtoto wa darasa la tatu anakwama kwenye mfuatano wa namba na maumbo, nimsaidieje?

Mama Nuru: Habari za jioni wakuu. Binti yangu kujumlisha na kutoa hana shida, ila akikuta "jaza namba inayokosekana" anababaika. Jana kwenye 3, 7, 11, 15, ___ kaandika 16. Nikamuuliza kwa nini, akasema baada ya 15 inakuja 16. Maumbo ndiyo kabisa: pembetatu, duara, duara, pembetatu, duara, duara, ___ anaweka duara. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne na sitaki akariri majibu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Msingi: Umefanya vizuri kumuuliza sababu. Mtoto anahesabu tu, hajatazama namba za nyuma. Usimuulize "inayofuata ni ngapi?" Muulize "kutoka 3 kwenda 7 kimeongezeka nini?" Achore kishale juu ya kila namba mbili jirani na kuandika +4. Asijaze nafasi kabla vishale vyote havijaandikwa. Akizoea, mpe zinazopungua: 50, 45, 40. Baadaye mpe 1, 4, 9, 16. Vishale vitasoma +3, +5, +7, na hapo nyamaza kabisa, mwache aione +9 mwenyewe afike 25. Kisha apange vizibo vya soda, safu 2 za vizibo 2, safu 3 za vizibo 3, aone kila namba inavyotoa mraba.

Msusi wa Mikeka: Kwenye maumbo, ayasome kwa sauti na apige mstari kila kipande kinapoanza upya: pembetatu-duara-duara | pembetatu-duara-duara |. Mkiwa na mkeka wa ukindu wenye rangi, afuate rangi kwa kidole mpaka zirudie.

Njiti Tatu: Mimi wanangu niliwapa njiti za kiberiti. Pembetatu moja njiti 3. Ukiunganisha ya pili ubavuni unaongeza 2 tu, maana ubavu mmoja zinachangia. Inakuwa 3, 5, 7, 9. Halafu muulize: pembetatu 10 zilizopangwa mstari mmoja zitakula njiti ngapi? Akipata 21 bila kuzipanga zote, kaelewa.

Kichwa Ngumu: Naongezea, msimkatalie haraka. 1, 2, 4, ___ inaweza kuwa 8 kwa kuzidisha mara mbili, au 7 kwa +1, +2, +3. Akieleza kanuni yake ikakubali namba zote zilizoandikwa, mpeni haki yake.

Mwalimu wa Msingi: Kweli kabisa mkuu. Namba tatu ni chache mno kumpa mtoto.

Mama Nuru: Asanteni sana. Na nafasi ikiwa katikati, mfano 6, ___, 18, 24?

Mwalimu wa Msingi: Aanzie penye namba mbili jirani zote zipo. 18 kwenda 24 ni +6. Arudi mwanzo, 6 na 6 ni 12. Kisha ahakiki: 12 na 6 inatoa 18? Inatoa, basi aijaze.