Naomba ushauri: neno "quite" la Kiingereza nilitafsiri vipi?

Ndugu wanalugha, nawasalimu kwa heshima. Ninatafsiri barua ya mwalimu wa Uingereza, ambaye amemwandikia mwanafunzi kuwa insha yake ni "quite good", nami nikaandika "nzuri sana", kumbe kwa Waingereza sifa hiyo mara nyingi ni ya wastani tu, ilhali Mmarekani angeitamka akikusudia pongezi hasa. Ukurasa wa pili ameandika "quite impossible", ambapo neno lilelile lina maana ya "kabisa". Kamusi imenipa maana zote mbili bila kunionyesha mpaka wake. Nimejaribu "nzuri kiasi", lakini naona inamvunja moyo mtoto wa watu. Je, "si haba" ingefaa zaidi? Na nitaitambuaje maana ya "kabisa" kila inapojitokeza?