Matangazo ya dawa za asili "zinazoponya saratani": tuyapige marufuku?

Wakuu, hoja yangu ni hii: tangazo lolote, la redio au la mtandaoni, linalodai mizizi au majani fulani yanaponya saratani lizuiwe mpaka muuzaji aonyeshe majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa.

Sisemi mimea haina dawa. Vinkristini, dawa wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, ilitoka kwenye ua la asili ya Madagaska, lile la rangi ya waridi ambalo wengi tunalipanda uani kama pambo. Na kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya, miaka ya 1970, watafiti wa Marekani walivuna mti wa jamii ya Maytenus katika vilima vya Shimba, Kwale, kwa ajili ya maitansini, kemikali iliyotarajiwa kutibu saratani. Wagonjwa walipopewa, ikaonekana ni sumu kali mno, ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye, kemikali ya ukoo huohuo ikafungwa kwenye kingamwili, yaani protini inayoifikisha ndani ya seli za aina fulani ya saratani ya matiti. Marekani iliidhinisha dawa hiyo 2013. Sumu iligeuka dawa pale ilipojulikana kiasi gani, iende wapi, kwa mgonjwa yupi.

Kwa hiyo nikisikia "ni ya asili, haina madhara" nakasirika. Kinachoweza kuua uvimbe kinaweza kuua ini pia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa: waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 zaidi ya waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti, zaidi ya mara 5.

Mtanijibu kwamba Ocean Road, hospitali ya saratani, iko Dar es Salaam, nauli ni mzigo, na mganga yuko jirani na anamsikiliza mgonjwa. Ni kweli kabisa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote. Lakini umbali wa hospitali hauifanyi chupa ya muuzaji kuwa tiba; chupa hiyo inampotezea mgonjwa miezi ambayo uvimbe bado ungeweza kukatwa. Mganga anayeona uvimbe na kumwambia mama "nenda kapimwe kwanza" namheshimu sana.

Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Je, limfutie usajili anayetangaza kuponya saratani bila ushahidi, au mnaona tutawasukuma wafanye kazi gizani?