Nimeandikiwa dawa za sonona, nimeze au niache?

MwanaLikoni: Asalaam aleikum. Mwezi wa nne huu silali. Saa tisa usiku macho hayo, hadi naisikia adhana ya alfajiri. Chakula hakipiti, na juzi nililia kwenye feri mbele za watu, sijui nalilia nini. Daktari asema ni sonona, yaani depression, kaniandikia fluoxetine miligramu 20, kimoja kila asubuhi. Wiki ya pili sasa pakiti iko chini ya leso zangu, sijaifungua. Mamangu asema nitakuwa zuzu, na nikianza nitameza hadi kaburini. Ameniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, nimekunywa, roho imetulia kidogo lakini usingizi haujarudi. Naomba ushauri, hasa mliotumia.

BabaWawili: Pole sana dadangu. Zangu zilikuwa sertraline, nazo ni za sonona. Nisikufiche, wiki ya kwanza moyo ulinichafuka kila asubuhi, nikataka kuzitupa. Nafuu ilikawia. Yapata wiki ya tano nikajikuta nimemaliza mahamri na mbaazi, naagiza chai ya pili, mimi niliyekuwa nalazimishwa tonge. Uzuzu sikuuona. Nilipokosea ni kuacha ghafla nilipojihisi mzima: kizunguzungu kikanishika, na baadaye ile hali ikarudi. Mara ya pili daktari alinipunguzia polepole.

MuuguziWaPwani: Mwana, hizi si kama diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, ambayo mwili huizoea hata ukaidai. Ila haziachwi kiholela. Mwambie daktari kama una mimba au wanyonyesha, na kila unachotumia, miti shamba na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, pia. Wiki za mwanzo awepo mtu wa kukuangalia. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Sonona ikiwa nyepesi, ushauri nasaha pekee huweza kutosha. Lakini wewe huli wala hulali miezi minne, pakiti hiyo nisingeiacha chini ya leso.

BiMkubwa: Mwanangu, dua usiache. Na mamako usigombane naye, anaogopa kukupoteza. Nenda naye kliniki, aulize kwa kinywa chake.

MwanaLikoni: Ahsanteni, nimesoma nikalia tena. Mama amekubali, Jumatatu tunavuka pamoja. Muuguzi, humezwa kabla ya kula au baada?

MuuguziWaPwani: Vyovyote. Moyo ukikuchafuka, meza baada ya kula.