Mzee wangu vidole viwili vinajikunja na havinyooki, naombeni ushauri

Mgosi_wa_Machungwa
Wakuu habari za majukumu.

Mzee wangu yuko Muheza, ana miaka 68, mkulima wa machungwa. Mkono wa kulia, kidole cha pete na kile cha mwisho vinajikunja kuelekea kiganjani. Ilianza taratibu sana. Kwanza kilitokea kigololi kigumu kwenye kiganja, chini ya kidole cha pete, sote tukajua ni sugu ya panga. Sasa kidole kimejikunja kiasi kwamba akinawa uso kinamchoma jichoni. Akimpa mtu mkono, kinamkuna kiganja. Kuna mama mmoja alichukia kweli, akaenda kumsemea kwa bi mkubwa kwamba mzee ameanza utani wa ujana.

Kidole hakimuumi hata kidogo. Ana sukari ya miaka mingi, anatumia vidonge. Zahanati walimpa diclofenac (dawa ya maumivu) wakasema ni uzee. Shangazi anasema alipewa mkono na mtu mbaya msibani. Kaka yangu ndiye kanichosha zaidi: kila usiku anamfungia kijiti kwenye kidole na kukivuta na maji ya moto. Asubuhi kidole kimevimba na kimekunjika vilevile.

Mimi niko Dar, naona kwa video tu. Hii ni nini, na nianzie wapi? Matusi hapana jamani.

Kibwengo_Mstaarabu
Pole sana mkuu. Ila usimdharau shangazi. Ugonjwa usiouma una mwenyewe.

Tabibu_wa_Zamu
Mkuu, kwanza mpigie kaka yako leo hii aache hicho kijiti. Usivute kidole ambacho hujajua kimeshikwa na nini.

Vidole kujikunja kuna njia nyingi, na watu wanazichanganya. Nisaidie kwa mambo haya, mzee mwenyewe anaweza kufanya akiwa nyumbani:

Alaze kiganja juu ya meza, kifudifudi. Kinalala chote au vidole vinabaki vimeinama kama daraja?

Mtu mwingine akijaribu kukinyoosha, kwa upole, kinakubali? Hapa ndipo pa muhimu. Kama kinakubali kunyooshwa na mwingine lakini mwenyewe hawezi, basi shida iko kwenye mshipa wa fahamu au kwenye kano. Kama kinagoma kabisa na unaona kama kamba inakaza chini ya ngozi ya kiganja, hiyo ni habari nyingine. Na kama kinakwama halafu kinafyatuka "tak!", hiyo ya tatu.

Afumbe macho, umguse kwa ncha ya kalamu kwenye kidole cha mwisho na ukingo wa kiganja upande huo. Anahisi? Je, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea? Ana baka lolote mwilini lililopauka na lisilo na hisia?

Ukileta majibu ndiyo tuongee. Na diclofenac kwa mtu wa sukari wa umri huo, kwa kitu kisichouma, aachane nayo mpaka figo zipimwe.

FundiCherehani_Ilala
Hiyo ya "tak" ndiyo yangu mimi. Asubuhi kidole cha kati kinaamka kimekunja, nakinyoosha kwa mkono wa pili, kinafyatuka na maumivu mpaka kwenye meno. Kumbe kano inavimba, inakwama kwenye kipete chake kule chini ya kidole. Nilichomwa sindano ya steroidi ikatulia. Lakini na mimi ni mtu wa sukari, na hakuna aliyeniambia kwamba hiyo sindano inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Nilipima nikadhani mashine imeharibika. Ikirudi wanapasua kidogo tu kwa ganzi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Dada_wa_Liwale
Nashukuru Tabibu ameuliza habari ya baka, maana nilikuwa nakuja na moto.

Mjomba wangu alianza hivyohivyo, kidole cha pete na cha mwisho. Watu wakasema baridi yabisi, wakasema kurogwa, wakasema kila kitu. Alikuwa anashika sufuria ya moto hasikii, anaungua, anacheka. Ulikuwa ukoma. Ndiyo, ukoma, bado upo, na watu wanaogopa hata kulitaja hilo neno. Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, ni mchanganyiko wa vidonge kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina. Ukianza dawa huambukizi watu. Ila vidole vyake havikurudi, kwa sababu mshipa wa fahamu pale kwenye kiwiko ulikuwa umeshakufa. Angewahi miezi ya mwanzo ganzi ilipoanza, kuna prednisolone (vidonge vya steroidi) wanayotoa ya kuuokoa.

Kwa hiyo mleta uzi, ile ya kalamu usiifanye kwa mzaha.

Kibwengo_Mstaarabu
Dada umetutisha. Nafuta kauli yangu ya mwanzo, nusu.

Mgosi_wa_Machungwa
Nimerudi wakuu. Nilisafiri wikiendi nikafanya mwenyewe.

Kalamu anahisi kila mahali, mpaka akaniuliza kama nimekuja Muheza kumchezea. Nyama ya gumba iko sawa, mwilini hakuna baka. Meza: kiganja hakilali, naweza kupitisha kidole changu chini. Kukinyoosha nimegoma kulazimisha, lakini kweli kuna kamba ngumu imetoka katikati ya kiganja mpaka kwenye kidole cha pete, na ngozi juu yake imejikunyata, imebonyea vishimo. Hakuna "tak". Kingine, mgongoni mwa vidole vya mkono wa kushoto, juu ya viungo vya kati, kuna vinundu.

Tabibu_wa_Zamu
Safi sana. Kwa maelezo hayo, na lazima daktari amshike mkono athibitishe, hii inafanana na kitu kinaitwa kukakamaa kwa Dupuytren. Ni jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyeuelezea na kuupasua Paris mwaka 1831.

Kano za mzee ni nzima. Kinachougua ni utando mgumu ulioko kati ya ngozi ya kiganja na kano. Unanenepa, unaota kamba, kamba zinajifupisha, kidole kinafuata. Kwetu si ugonjwa wa kila siku, wenzetu wa Ulaya Kaskazini ndiyo wenye nao. Ila sukari ya muda mrefu ni moja ya vitu vinavyoambatana nao, pamoja na sigara, pombe nyingi na urithi. Si kansa, hauambukizi, na wala hakuna mtu wa msibani.

Kuchua, liniment, kijiti, maji ya moto: haviondoi kamba. Wakati wa kupeleka kwa mpasuaji ni pale meza inapokataa, au kifundo cha chini (pale kidole kinapoungana na kiganja) kikikunjika kufika kama nyuzi 30, au kile kiungo cha kati kikianza kukunjika hata kidogo. Hicho cha kati ndicho kibaya, kikikaa muda mrefu kinakakamaa chenyewe na hata mpasuaji hakinyooshi chote.

MamaIngrid_Bergen
Hodi. Mimi niko Norway, mume wangu ni wa huku, na huo ugonjwa kwao ni kama mali ya ukoo. Baba yake alikuwa nao, baba mdogo anao.

Mume wangu alianza na ya sindano. Wanatia ganzi, wanapitisha ncha ya sindano kwenye ile kamba wanaikata kidogokidogo, halafu daktari anakinyoosha, unasikia inakatika. Alitoka na plasta, jioni anakunywa kahawa kwa mkono uleule. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake kamba imerudi, na hii ya sindano hurudi mapema kuliko upasuaji. Mara ya pili wakapasua na kuutoa ule utando. Hapo ndipo kazi: kidonda kilikaa wiki kadhaa, mazoezi kila siku, kidole kikavimba, ncha yake ilipata ganzi muda mrefu. Lakini leo anavaa glavu, kitu ambacho alikuwa hawezi, na kwa baridi ya huku glavu si pambo.

Kulikuwa na dawa nyingine ya kuchoma inayoyeyusha kamba, Ulaya iliondolewa sokoni 2020, Marekani bado wanayo. Msihangaike kuitafuta Kariakoo.

Mzee_wa_Magazeti
Nyongeza isiyo na faida: Margaret Thatcher, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alipasuliwa huo huo mwaka 1986, na Ronald Reagan, rais wa Marekani, Januari 1989, wiki chache kabla hajatoka Ikulu. Kwa hiyo mzee wa Muheza yuko na wakubwa.

FundiCherehani_Ilala
Mimi ningesema asubiri. Hauumi, anashika panga, ya nini kupasua mtu wa sukari?

Tabibu_wa_Zamu
Fundi, ungekuwa ule uvimbe wa mwanzo peke yake ningekuunga mkono, wengine wanakaa nao miaka haukunji kitu. Huyu anajichoma jicho akinawa. Ila kwenye sukari uko sahihi, ishuke kwanza ndipo kisu.

Mgosi_wa_Machungwa
Mrejesho. Nimemleta Dar, ameonwa na daktari wa mifupa, ni hiyohiyo ya Dupuytren. Kidole cha pete kifundo cha chini kimepita nyuzi 40, na cha mwisho kiungo cha kati kimeanza. Amesema apasuliwe, lakini kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimetoka juu, kwa hiyo amebadilishiwa dawa na atapimwa tena ndipo apangiwe siku. Mzee anauliza kama anaweza kuvuna kwanza. Na bima yake sijui kama itabeba mazoezi ya baada.

Tabibu_wa_Zamu
Avune tu, tarehe yenyewe bado. Ila mambo ya bima uliza kabla ya kupasuliwa: ofisini kwao, na uwataje fiziotherapia na kifaa cha kushikilia kidole kikiwa kimenyooka usiku kwa majina, maana upasuaji bila mazoezi kidole kinagandia kwenye kovu. Kama mkipata rufaa kwenda hospitali kubwa kama MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili), KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, muombe mpasuaji aliyezoea mikono, si mifupa kwa ujumla. Pete kama anavaa kidole hicho ivuliwe sasa hivi ingali inapita. Na kila mwezi piga picha mkono ukiwa mezani, kwa upande. Ukiona kile cha mwisho kinazidi, usisubiri tarehe, rudi.

Mgosi_wa_Machungwa
Pete imetoka kwa sabuni na mate ya shangazi. Picha ya kwanza nimeshapiga. Kaka anauliza kama ile nguvu yake ya usiku aihamishie kwenye kumkumbusha mzee vidonge.

Dada_wa_Liwale
Mwambie ndiyo, tena aanze leo. Na amkague nyayo pia, mguu wa mtu wa sukari haupigi hodi.